Usirudi

Kilinifikia kimefungwa kwenye kanga ya mamake,
kikidondosha maji ya chumvi juu ya kaunta yangu,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kati ya redio mbili zisizolipiwa
na pasi ya mtu aliyehamia Korogwe.
"Fundi Mwantumu, kioo nitanunua," kijana akasema.
"Nitolee alama za baba."

Babake ni Kombo Mwachui wa Sahare.
Tangu Shaabani upande wake wa kulia umelala,
na ulimi umelala nao.
Zamani alishika mahali pa samaki kwa macho:
moshi wa kiwanda cha saruji ukae nyuma ya mnara wa Ulenge,
na ncha ya kisiwa iufiche mkoko mrefu.
Kisha akanunua sona kwa pesa ya upatu wa mkewe,
akaiunga na betri ya pikipiki,
na macho yakastaafu.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, tulifundishwa.
Kijisanduku hiki kinajua bila kufika:
kinatupa mlio chini, kinangoja urudi,
kinahesabu ile ngoja-ngoja
na kukwambia mita.
Mwamba hujibu kwa sauti, mstari mnene mwekundu.
Tope hujibu kwa kunong'ona.
Samaki hujipinda kama ukucha uliokatwa.

Nilikisafisha kwa spiriti na mswaki wa mwanangu,
nikalehemu miguu mitatu iliyoliwa na kutu.
Usiku wa pili kikawaka.
Alama arobaini na moja.
Wenzake huweka namba tu. Yeye aliandika:
CHANGU WA BI RUKIA.
DENI LA INJINI.
TASI, SI JUMATATU.
NYAVU YA SHEMEJI, KIMYA.
Na USIRUDI.
USIRUDI 2. USIRUDI 3.
Mpaka tisa, zote zimesongamana mahali pamoja,
Desemba hadi Desemba.

Sitoi kazi isiyojaribiwa, nikaenda nayo baharini,
limau puani, tumbo mkononi,
Mwinjuma kwenye injini, mimi kwenye kioo.
Juu ya changu wa Bi Rukia, kucha tele.
Pale USIRUDI mstari ukawa mwembamba, bapa,
kama meza iliyokwisha kufutwa.
Hata ukucha mmoja.

Mwinjuma akazima injini.
"Hapa walipiga baruti, yeye na wenzake,
mwaka niliozaliwa. Boti ilijaa kwa mara moja.
Ndiyo iliyolipia arobaini yangu."

Basi alikuwa anarudi.
Kila mwaka anasimama juu ya kosa lake,
anabonyeza kitufe, anajiandikia asirudi,
na kando yake kina cha maji:
kumi na mbili. Kumi na moja na nusu.
Kumi na mbili tena.
Ya mwisho, kumi nukta nane.

"Mwamba unaota," akasema Mwinjuma,
kwa sauti ya mtu anayemsemea mgonjwa.

Mimi ni fundi. Najua maji ya Tanga
hupanda na kushuka mita tatu na zaidi
kati ya alfajiri na adhuhuri.
Najua nukta hizo ni bamvua, ni wimbi,
ni mtu mnene aliyehamia tezi.
Mwamba uliopasuliwa hauoti mita nzima
katika miaka tisa.
Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni, pamoja na limau.
"Leo je?" akauliza.
Nikamsomea kama kilivyoandika, sikuongeza, sikupunguza:
"Kumi nukta nne."

Akaja akainama juu ya kioo, akabonyeza.
Kikauliza jina la alama.
Kidole chake kikakaa hewani muda mrefu,
boti ikizunguka taratibu bila mtu kuishika,
kisha akaandika, herufi moja moja,
neno la babake,
na mbele yake, 10.