Kilo Ishirini na Tatu

Shekuwe amesoma kwenye simu, kwa sauti ya mtangazaji:
Erzurum, Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Mama kasimamisha mkono kwenye unga.
"Sifuri nayo ina chini?"
Kwake yeye sifuri ni sinia tupu la mahamri saa mbili asubuhi,
siku njema, watu wamekula, mtu akalale.
Hajasikia kwamba kuna kushuka zaidi ya hapo.

Baridi tunayoijua sisi ni ya Julai,
kusi ikipenya chumbani kwa Nana
naye akavaa soksi za mpira za marehemu babu.
Hiyo tu. Na barafu ya kiwandani
inayopita kichochoroni mgongoni mwa punda,
imefunikwa gunia, ikidondoka.

Basi tunafungasha kwa kubahatisha.
Kitandani: mabuibui mawili, na la tatu la Idi.
Madera manne, mepesi kama pumzi,
hayafai kwa lolote nchi ile,
lakini ondoa moja uone uso wa mama.
Leso, jozi tatu. Anazisoma moja moja
akitafuta isiyo na mafumbo,
nisije nikamtusi Mturuki asiyejua kusoma.
Ile ya *Umbea haukupi kitoweo* imerudi kabatini.

Na koti.
Nililipata Langoni, chini kabisa ya mitumba ya Bwanaheri.
Alianza na mia saba, akashuka hadi mia nne, huku akicheka,
kwani tangu afungue lile bunda hakuna aliyelijali
ila paka aliyezalia ndani yake.
Zito, la kijivu, vifungo vikubwa kama vitumbua.
Mfukoni nikakuta risiti iliyofifia,
herufi zenye vidoti na mikia,
ndugu wa herufi za barua yangu ya chuo.
Nikaketi nalo magotini.
Hili halihitaji kufunzwa baridi.
Linarudi kwao,
na mimi nimo ndani, mgeni wake.

Usiku shangazi Mwanatumu kaja na mizani ya kliniki,
ile ya kuning'iniza, ya kupimia watoto.
Tukaifunga kwenye boriti.
Sanduku likaning'inia, likazunguka polepole
kama linatutazama mmoja mmoja.
"Wewe hapa ulikuwa kilo mbili na nusu," akasema shangazi,
"ukalia mpaka ukalala."
Mshale umegota mwisho wa namba.

Toa viatu vya harusi ya Zuhura.
Toa kitabu. Rudisha kitabu.
Toa dera la manjano; mama akaligeuza, akalinusa,
akalirudisha, kisha akalitoa mwenyewe.
Ishirini na tano. Bado.
Koti limelala juu kabisa, mikono imekunjwa kifuani,
na hakuna aliyetaka kulitaja.
Nana ndiye aliyesema, kutoka kitandani, macho kafumba:
"Koti kwani hubebwa? Koti huvaliwa."
Akavua soksi za babu, akanirushia.

Ndiyo sababu asubuhi hii, mwezi wa tisa, jua la saa nne,
napita Mkunguni kuelekea gatini
na koti la theluji juu ya buibui,
jasho likinitiririka mgongoni hadi kwenye soksi.
Wanaocheza dhumna wamesahau zamu ni ya nani.
Punda mmoja kanipisha.
Mtoto, kinywa chekundu kwa ubuyu,
akanifuata mpaka kwenye ngazi za boti:
"Dada, una homa?"

Shekuwe akacheka. Shangazi pia.
Mama hakuwasikia.
Alikuwa akinifunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni,
mikono ingali na unga,
kana kwamba pale Manda, ng'ambo tu ya maji,
theluji imekwisha kuanza.