Beki wa Langoni, Lamu

Barazani kwa Mashuu, kahawa imeshapowa,
Shaali kafura juu: "Daraja tumeonewa!
Ati si chuo kikuu, la pili tumetupiwa!"
Lali, kanyoosha guu: "Sita juzi mmetiwa."

"Tuna Kombo, beki nguzo, hapitwi hata na nyuki,
Bega lake kama mzo, akisimama hang'oki,
Asubuhi ni mafunzo: randa, msumeno, chaki.
Wafungao wana tuzo, mlinzi hakumbukiki!"
Lali: "Kombo? Ni kikwazo kwa wenziwe, hasogeki!"

Mara Kombo akafika, na gunia mabegani,
Midomo ikafungika, kashata zi mkononi,
Lali guu kalishika, kalikunja uvunguni.
"Sita mnayakumbuka. La saba kazima nani?"