Tarehe Mosi Januari

Wazee wetu wa Ibra walizaliwa wote siku moja,
tarehe mosi Januari. Ndivyo mfumo usemavyo.
Zamani karani alimuuliza bibi: umezaliwa lini?
Bibi akajibu: mwaka ule vuli haikunyesha,
mama alishikwa na uchungu juu ya jamvi la karafuu
na karafuu zenyewe zilikuwa haba.
Karani akatazama kijisanduku kwenye skrini,
siku, mwezi, mwaka, nafasi nane basi,
akagonga sifuri moja, sifuri moja, hamsini,
akaita: Anayefuata!

Karani yule ni mimi.

Miaka kumi na tisa dirisha la mafaili,
na sasa, uzeeni, nasomea uzamili,
informatiki ya tiba.
Mashoga zangu wakiniuliza ndiyo nini hiyo
nawaambia: ni ukarani uliokwenda shule.

Jumatatu na Jumatano natoka kazini saa nane,
nashuka Al Khoud kwa gari lisilo na kiyoyozi tangu Mei,
kanga mbichi shingoni, nje joto la arubaini na sita,
na ikifika Bidbid kanga imeshakauka.
Darasani nakaa mbele kwa ajili ya macho.
Nyuma yangu vijana wa rika la Mundhir wangu
wanaandika programu kama wanaokuna vichwa,
mimi nahesabu mabano kwa kidole:
hili limefungua, hili limefunga,
hili je, limefungua nani?

Tasnifu yangu, ukiivua maneno makubwa,
inauliza jambo moja: mtu huyu ndiye yule?
Khole, Khaula, Khola, faili tatu, figo zile zile.
Mashine ipime majina, ipime tarehe, iseme.

Usiku mmoja ikasema.
Zeyana binti Khamis na Zeyana binti Khamis,
wote wa mosi Januari,
asilimia tisini na saba: mtu mmoja. Waunganishwe.

Nikaijibu kwa sauti, Mundhir akaamka:
Laa! Mmoja katoka Wete, ana sukari na ugomvi,
ndiye wa jamvi la karafuu.
Mwenziwe kaja na mumewe kutoka Bujumbura,
mpole, husema pole hata akikanyagwa,
na penisilini nusura imuue mwaka wa tufani ya Gonu.
Waunganishe hawa, na sindano ya mmoja
itamfuata mwenziwe kitandani.

Dokta Shanthi, msimamizi wangu, akavua miwani.
Hayo umeyajua wewe, akasema. Mashine iyajulie wapi?
Nikanyamaza.
Tarehe ile nani aliiandika?
Nikanyamaza zaidi.
Basi kaiandike hiyo, akasema. Hiyo ndiyo sura ya tatu.

Sura ya tatu sijaimaliza.
Najua namna ya kuandika kosa la mfumo,
kuna istilahi yake, kuna jedwali.
Kosa la mkono huu sijui liingie safu gani.

Juzi kaja Bi Zeyana, yule wa Bujumbura,
na mfuko wake wa plastiki wa duka la halwa:
vidonge, risiti, kadi ya njano iliyopasuka kunjo,
umefungwa fundo ambalo vidole vyake tu hulijua.
Nasikia unasoma, mwanangu.
Nasoma, bibi.
Ukishapata hiyo shahada, ndipo utanijua?
Mbona nakujua, bibi.
Sasa unasomea nini?

Nilikuwa na jibu, kurasa tisini na marejeo yake.
Foleni nyuma yake imefika mlangoni,
mtu anakohoa kwa makusudi.
Nikaiondoa mikono kwenye kibodi.
Bibi, nikamwambia, hebu nikuulize tena.
Ulizaliwa lini?

Akanitazama kwanza, kuona kama kweli nangoja.
Kisha akavuta kiti.