Nane na Nusu Katika Nne na Ushei

Diski ni ya Bogumiła, jirani wa ghorofa ya tatu,
na irudi kwake Jumapili kabla ya misa:
ndivyo alivyosema, kidole hewani.
Ina matabaka mawili, gigabaiti nane na nusu.
Yangu tupu, ya kibanda cha mtaa wa Nawrot,
inabeba nne na ushei.

Ijumaa usiku, Łódź, theluji imelalia madirisha,
nimekaa mbele ya kompyuta kama mshonaji
aliyeletewa koti la baba akaambiwa
amshonee mtoto, na vifungo vyote vibaki.

Naanza na vya kutupa.
Matangazo ya filamu zijazo,
zilizokwisha kuja zikasahaulika: tupa.
Mwongozaji akieleza saa mbili alichokuwa akiwaza: kwaheri.
Kihungaria, Kicheki,
sauti zinazosema na watu wasioishi humu: tupa.
Menyu yenye farasi anayekimbia akarudi palepale,
akakimbia akarudi palepale:
huyo nilimhurumia, nikamfungulia.

Bado ni sita na robo.

Mama amelala chumba cha pili.
Miaka ishirini na tisa ya kiwanda cha nguo,
mitambo mia mbili ya kufumia, ukumbi mmoja,
ilimla masikio taratibu, kama panya alavyo mkate
kuanzia ndani, ganda likabaki zima.
Filamu anazisoma. Maandishi ya chini ndiyo sikio lake.
Na maandishi, niligundua, hayana uzito,
megabaiti chache, vumbi la chaki.
Ukiacha picha yenyewe,
mlafi ni sauti.

Nikajiuliza: sauti ya nini, na ya nani?
Nikaondoa tiki kwenye Kipolandi.
Nikamng'oa yule msomaji wetu
asomaye maneno ya wote, bibi harusi, jambazi, mtoto mchanga,
kwa sauti ileile ya mtu anayesoma ratiba ya treni.
Picha ikapata pumzi.
Nikajiona binti mwema, tena mjanja.

Kubana kulichukua usiku kucha.
Feni ilikoroma. Soksi zangu zilikauka juu ya kasha.
Asilimia kumi na moja. Arobaini.
Tisini na tisa, na hapo ikaganda
kama mgeni aliyeaga na bado ameshika kitasa.

Asubuhi Mama alivuta kiti hadi kwenye televisheni.
Picha safi! Ungeweza kuhesabu nywele za farasi
kwenye ziwa lile la barafu.
Akaweka kiganja kwenye ubao wa spika,
nami nikakumbuka, nimeshachelewa,
kwamba siku zote hukaa hapo, mkono hapo,
nikadhani anajiegemeza tu.

"Jagoda," kwa ile sauti yake ya kushindana na mitambo,
"huyu bwana amekufa?"
Bwana gani? niliuliza kwa midomo.
"Anayesoma. Hangurumi.
Na farasi wanakanyaga pamba."

Sikuwa na jibu la kuandika kwenye karatasi.

Jumamosi nilianza upya.
Nikamrudisha msomaji, nikarudisha kwato,
na kwa kuwa diski haijui huruma, nikaikata picha:
farasi wakienda mbio theluji inavunjika miraba miraba,
wageni wa harusini, walio nyuma, hawana macho.
Mama aliitazama hadi mwisho.
Mara mbili alicheka kabla maandishi hayajatokea.

Ile ya kwanza, bubu, anawekea glasi ya chai.

Jumapili, saa tatu na nusu, nilipanda ngazi.
Bogumiła aliigeuza diski yake kwenye mwanga wa dirisha,
polepole, upande huu, upande ule,
akitafuta nilichopunguza.