Pete ya Bomba

Waliikata kwa msumeno kutoka bomba la maji,
bomba jeupe la inchi mbili,
kipande chembamba kama bangili ya mtoto,
wakaitia uzi wa nailoni, wakanivisha shingoni
mbele ya ofisi ya mtaa, pale Kijichi, watu wakitazama.
Afisa Kasigwa akasema: “Chaza anayepita humu ni mtoto. Arudishwe.
Asiyepita ni mtu mzima. Aandikwe.”
Akanipa daftari na kalamu iliyofungwa kamba
isije ikaibwa na serikali nyingine.

Tangu siku hiyo sikuitwa tena Zamda.
Nikawa Mpima.

Tulikuwa na kipimo chetu, tusidanganyane:
kidole gumba, kutoka ukucha hadi fundo,
na mwenye gumba dogo aliazima la mwenzake.
Bamvua moja tuliingia mikokoni,
bamvua lililofuata tulikaa nyumbani kwa kuwa miguu ilikatika,
visigino vimechanwa, chumvi imo ndani.
Hatukuiita sheria. Tuliiita uvivu.
Kisha wakaja wanunuzi na maboksi ya barafu,
hoteli zinataka, ndimu zimeshakatwa,
na uvivu wetu ukafa bila matanga.
Mizizi ikabaki mitupu kama fizi.
Kwa hiyo sikuikataa pete. Niliivaa.

Jumatatu, maji yakipanda, akatoka Semeni,
mdogo wangu, ziwa moja,
ndoo kichwani, kodi ya chumba ikiwa miezi miwili nyuma.
Nikapima.
Thelathini na mmoja walipita, mmoja mmoja,
wakidondoka kwenye beseni, ti, ti,
wenzake wamenyamaza, wote wanahesabu.

Arudishwe.
Arudishwe wapi?
Kombe ukimrudisha topeni hujifukia,
baada ya dakika moja humwoni.
Lakini chaza maisha yake ni kushika.
Ukishampiga panga umemtenga na nyumba yake,
nusu ya ukuta imebaki mzizini.
Kumrudisha chaza majini
ni kumzika kwa heshima.

Nilimwaga. Kaa wakaja mbio kama waalikwa.
Semeni hakunitukana.
Alisema tu, “Umewashibisha kaa, dada,”
na jioni ile hakuja kufuata sahani yake.

Nilikesha nikiizungusha pete kidoleni
nikafikiria bomba lililoizaa,
na lile jingine, baba wa mabomba,
linalotapika maji meusi kwenye mkondo usiku na mchana,
harufu yake ikitutangulia kazini.
Lile linapita kwenye pete ya nani?
Kasigwa nilimuuliza. Akatazama viatu vyake,
viatu vya mtu anayejilipia bodaboda,
matope hadi kwenye kamba.
“Hilo si la idara yetu,” akasema,
na sauti yake haikuwa na kiburi. Ilikuwa na uchovu.

Kanuni inasema: kupima ni mwaloni, baada ya kuvuna.
Bamvua lililofuata, kabla hakujapambazuka,
nililiviringisha daftari katika mfuko wa plastiki
nikaingia mikokoni mbele yao wote.
Matope yakanifika magotini.
Nikaivua pete, nikaivisha juu ya chaza aliye hai,
angali ameng’ang’ania mzizi.
Ikamfunika mzima.

“Vipi?” Semeni, nyuma yangu, panga mkononi.
“Bado.”
“Na huyo?”
“Bado.”
Tukasogea mzizi kwa mzizi,
mbu wakila masikio yetu.
“Huyo je?”
Pete ikakwama ukingoni, ikakataa kushuka.
“Huyo piga.”

Mwaloni nilifungua daftari.
Kwenye safu ya waliorudishwa
niliandika sifuri, nikaikoleza mara mbili.
Kasigwa akiiona atadhani nimehongwa.
Aje. Nitamvua viatu,
nitampeleka.