Zizi Lisilo na Nguzo

Siku ya tatu baada ya dhoruba ya jua,
mianga ya kijani imeshakunjwa kama shuka,
kulungu wa theluji mia mbili na kumi wa Antaras
walitoweka kwenye simu yake.

Hawakwenda popote. Wako nyuma ya kilima, kaskazini ya Inari,
wanafukua theluji kwa kwato wakitafuta ukoga mweupe.
Kola shingoni mwao zinaita, zinaita;
aliyekuwa akiitika kule juu,
kilomita elfu thelathini na sita kutoka mvuke wa kahawa hii,
amekufa.

"Nani kamuua?"

Ristiina, bintiye, mlinzi wa mashine za usiku huko Sodankylä,
alivua glovu kwa meno.
"Elektroni, Baba."

"Za dhoruba? Dhoruba ilipita Jumanne.
Niliitazama mpaka shingo ikaniuma."

"Dhoruba ilivunja ua tu. Ikafukuza kundi la zamani,
ikaingiza wachanga, wembamba, wenye njaa.
Tangu Jumanne walikuwa wanakula."

Wanasema baada ya dhiki faraja.
Faraja ndiyo iliyoua.

Akachovya kidole kwenye kahawa, akachora mezani.
Hii dunia. Hizi nyuzi za sumaku, hazionekani.
Kila elektroni inauzunguka uzi wake
mara elfu kwa sekunde,
huku inapanda kaskazini hadi nyuzi zinapobanana,
inakataliwa, inageuka,
inashuka kusini, inakataliwa tena,
kabla wewe hujameza funda.
"Na huku zinasogea pembeni. Mashariki, daima mashariki.
Dunia nzima zinaizunguka kwa dakika kumi."

"Wanaizunguka," alisema Antaras.
Ristiina hakubishana na ngeli.

Mzee alisimama, akalitazama lile duara la kahawa kutoka juu,
kama mtu aliyesimama kwenye ncha ya dunia.
"Mashariki. Basi ni kinyume cha saa."
"Ndiyo."
"Bega la kushoto ndani."
"Ndiyo, Baba."
"Kama wetu zizini."

Hakuna aliyewafundisha kulungu.
Wafungie ndani ya ua, watie hofu kidogo,
wataanza kuzunguka, na watazunguka hivyo hivyo.
Miaka sitini amesimama katikati, kitanzi mkononi,
akisoma alama za masikio zikipita.

"Sasa huyu wa juu, walimuuaje?"

"Ukuta wa alumini kwao ni pazia.
Wanapita, wanajilaza ndani ya plastiki ya nyaya.
Mmoja. Mwingine. Hakuna anayetoka.
Hamna kelele, hamna joto, vipimo vyote vizuri."

Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba kikijaa hupasuka:
cheche moja, ndogo kuliko ya kiberiti.

Antaras aligeukia mlango wa kabati, ule wenye ufa.
Walipomzika Sáárá aliwamiminia wageni supu kwa mkono usiotetemeka.
Wiki ya tatu kijiko kilianguka.
"Cheche hiyo naijua," alisema, akaanza kutafuta soksi.

Kabla hajatoka binti alimpa simu sikioni:
mawimbi ya huko juu, yamegeuzwa kuwa sauti.
Ndege wa alfajiri, mamia, wakati huu wa Desemba
ambapo hapa hakuna ndege wala alfajiri.
"Hayo ndiyo yanayowanenepesha," alisema.
"Na hayo hayo huwasukuma pembeni
mpaka wakose mahali pa kugeukia, waanguke hewani."
"Mchungaji gani huyo," alinong'ona mzee,
lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akavaa ski, akaenda kuwatafuta kwa macho,
kinyesi, mikwaruzo, harufu, kama zamani.
Aliwapata saa nane. Akahesabu mia mbili na tisa.
Akahesabu tena.

Juu yake, mahali fulani, mmoja alipanda kaskazini
akapitiliza pale wenzake wanapogeukia,
akaingia kwenye hewa nyembamba bila mwanga wa kuonekana,
sikio halina alama,
na Antaras, mdomo wazi, mvuke ukimtoka,
bado anahesabu.