Dereva Mkuu

Simu iko mezani, spika wazi,
kati ya siagi na makaratasi.
Nje, mvua ya Wrexham inaiosha Fiat nyekundu
aliyoachiwa Hefina na mamaye;
pipi za mnanaa bado zimo mfukoni mwa mlango.

Langu tunalijua: miaka tisa
bila kudai hata kioo.
"Hiyo haigawanyiki," asema kijana wa bima.
"Gari la pili linaanza sifuri."
Namtazama Hefina. Miaka tisa hiyo
nani alikuwa akiniambia, Idwal, punguza mwendo?

"Linalala wapi usiku?"
Barabarani, chini ya taa.
"Thamani yake?"
Kimya. Friji inanguruma.
"Pauni mia nane," nasema mimi.
"Sema elfu," ananong'ona yeye.

"Na dereva mkuu ni nani?"

Hefina, ambaye tangu mazishi
hajagusa usukani,
ambaye kiti kile hajakisogeza nyuma
ingawa magoti yake yatagonga dashibodi,
anaivuta simu karibu na mdomo,
analitaja jina lake lote,
herufi kwa herufi,
kama mtu anayejifunga mkanda.